Wanafunzi wangu wa utalii wanasinzia kwenye somo la miamba, nitumieje matukio ya kwenye habari?

Swali:

Shikamoo mtaalamu. Nafundisha chuo cha utalii hapa Arusha, nimepewa kipindi cha jiolojia ya msingi kwa vijana wanaosomea kuongoza watalii. Karibu wote wametoka HKL na HGL, yaani michepuo ya historia, lugha na jiografia, ukitaja tu neno silika, ile kemikali ya kwenye miamba, macho yanahamia dirishani. Nikashauriwa nitumie matukio ya kwenye habari. Nimejaribu, naweka video ya volkano au tetemeko mwanzo wa kipindi, wanachangamka dakika 10, nikirudi kwenye notisi wanasinzia tena. Halafu mwezi uliopita niliweka klipu ya maporomoko ya tope ya Mlima Hanang, binti mmoja akatoka nje analia, sikujua kwao ni Katesh, kule kule yalikotokea. Je, niachane na hii njia?

Jibu:

Marahaba mwalimu. Pole sana kwa siku ile ya klipu, naijua hiyo hali maana na mimi imeshanikuta, nitaieleza huko chini. Ila kwanza la msingi: usiiache hii njia. Nimefundisha jiolojia kwa watu wasio wa sayansi miaka mingi sasa, walimu wa historia, waandishi wa habari, waongoza watalii kama hao wako, na sijaona kitu kinachowaamsha kama tukio lililotokea juzi mahali wanapopajua. Kinachokuangusha ni pale unapoliweka. Unaonyesha video halafu unarudi kwenye notisi, kwa hiyo wao wanaelewa kwamba video ilikuwa starehe na notisi ndo kazi, sasa mtu ukimpa starehe kwanza halafu ukamwambia haya tufanye kazi, atasinzia tu. Tukio lisiwe kitafunwa cha kabla ya somo, tukio lenyewe ndo liwe somo, wiki 2 au hata 3 mfululizo, na notisi zako ziingie pale tu wanapokwama na wenyewe wakazitaka.

Na kuna kitu walimu wengi hatukioni. Huyo kijana wa HKL tunamwona hana sayansi lakini amesoma historia, amefundishwa kuuliza nani kasema, alikuwepo au alisimuliwa, kasema lini, na shahidi mwingine anasemaje. Jiolojia ndo hiyo hiyo mwalimu. Hakuna mtu aliyekuwepo Ngorongoro ule mlima ulipobomoka na kuacha shimo zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, tunachofanya sisi ni kuhoji mashahidi waliobaki, yaani miamba, majivu, na umbo la ardhi. Kwa hiyo usianze na kile wasichokiweza, anza na hiki wanachokiweza, wape habari kama ilivyoandikwa uwaambie haya, ihojini.

Ukiniuliza tukio gani la kuanzia ntakwambia ufa wa Suswa. Machi 2018 baada ya mvua kubwa ulitokea ufa mrefu kule Suswa, Kenya, ukaikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, picha zikazunguka dunia nzima na vichwa vya habari vikasema Afrika inapasuka vipande viwili. Hapa una hadithi nzuri, haina vifo vya kuumiza darasa, iko jirani, na kila mmoja ameshawahi kuiona kwenye simu. Chapisha habari 2 za wakati ule, wagawie, waambie wachukue kalamu za rangi: rangi moja kwa kilichoonekana kwa macho (ufa umekata barabara, mvua ilinyesha), nyingine kwa tafsiri (bara linapasuka), nyingine kwa utabiri (bahari itaingia). Zoezi hili linachukua kipindi kizima na hutosikia mtu anapiga mwayo, kwa sababu wanagombana. Mmoja anasema hii ni tafsiri, mwingine anabisha hapana imeonekana, na kwenye huo ubishi ndo wanajifunza kitu ambacho ungekisema mwenyewe ubaoni wasingekisikia.

Kipindi cha pili waulize: kama ni kweli bara lilikuwa linapasuka pale, tungetegemea kuona nini? Usiwajibie. Watasema wenyewe kwamba lingesikika tetemeko, kwamba kingo 2 za ufa zingelingana kama karatasi iliyochanwa, kwamba ungetokea hata wakati wa kiangazi. Na kama ni maji ndo yamefanya? Watasema ungetokea baada ya mvua, udongo ungekuwa laini, chini kungekuwa na njia za maji. Andika safu 2 ubaoni halafu ndo uwape ushahidi: mvua ilikuwa kubwa, tetemeko la maana halikurekodiwa, na udongo wa pale ni majivu ya volkano yaliyorundikana, mepesi, yanabebwa na maji kirahisi sana. Wanajiolojia wengi walioutazama ule ufa walisema maji yalikuwa yanakula majivu kwa chini mpaka dari likaporomoka. Hapo umeshafundisha majivu ya volkano, mmomonyoko, na bonde la ufa, na hakuna aliyejua kama anafundishwa.

Halafu wape hesabu moja, ndogo tu, wasiogope. Mabamba yanayobeba Afrika Mashariki yanaachana milimita chache kwa mwaka, tuseme 5. Kucha ya mkono inakua haraka kuliko hapo, mara kadhaa. Ule ufa sehemu nyingine ulifika upana wa mita 15 na zaidi, ambayo ni milimita 15,000. Gawanya kwa 5. Wanapata miaka 3,000. Sasa imewezekanaje usiku mmoja? Kijana aliyekimbia hesabu tangu kidato cha 2 akiipata hiyo 3,000 mwenyewe ananyoosha kidole, nimeona mara nyingi na kila mara nafurahi.

Jiandae lakini, kuna mwenye akili kali atakuuliza: je haiwezi kukaa kimya miaka mingi halafu ikaachana kwa mpigo? Msifie hadharani, maana ameuliza swali la mtafiti. Na jibu ni kwamba inawezekana, ilishatokea Afar, Ethiopia, Septemba 2005, ardhi iliachana mpaka kama mita 8 ndani ya siku chache kwenye mstari wa karibu kilomita 60, uji wa moto ulipojipenyeza kwa chini. Ila kule kulikuwa na matetemeko mfululizo na mlipuko wa volkano, Suswa hakukuwa na hayo. Unaona, mwanafunzi amerudi kwenye ile safu ya ushahidi bila wewe kumrudisha.

Sasa Hanang. Ngoja nikwambie yaliyonikuta. Wiki kadhaa baada ya tetemeko la Kagera niliingia darasani na picha za nyumba zilizobomoka, nikawapa kazi wazipange kutoka iliyoharibika kidogo mpaka iliyoharibika sana, nilijiona nimebuni zoezi zuri kweli. Kijana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya chini, hiyo ya tatu ni kwa shangazi yangu. Darasa likanyamaza na mimi nikanyamaza. Nilimwomba radhi pale pale mbele ya wenzake, na mpaka leo siingii na tukio la maafa bila kuuliza kwanza, siku moja kabla, nani ana ndugu huko, na anayetaka kutokuwepo asiwepo bila kujieleza. Sionyeshi miili wala watu wanaolia, naonyesha ardhi. Na aliyetoka huko simgeuzi shahidi wa darasa, hata kama anajua kuliko mimi, mpaka aje mwenyewe aseme anataka kuongea. Huyo binti wako mfuate mwalimu, mwombe radhi, mwambie hutaionyesha tena ile klipu. Usimpe ahadi nyingine.

Ila somo la Hanang lisifutwe, kwa sababu hao vijana watapita na wageni barabara ile kwenda Singida wataulizwa, na kwa sababu kulijua kunaweza kuokoa mtu. Jumapili tarehe 3 Desemba 2023 alfajiri tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani vikafika Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi, zaidi ya watu 80 wakafariki. Siku zile za mwanzo uvumi ulienea kwamba volkano imelipuka, na uvumi ule haukuwa wa kipumbavu, Hanang kweli ni volkano ya zamani, ina zaidi ya mita 3,400. Ndo maana ni swali zuri la darasani. Kama ingekuwa mlipuko tungeona nini? Majivu angani, moto, lava, matetemeko kabla yake. Hayakuwepo. Serikali ilipotuma wataalamu maelezo yakawa kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua ikameguka, ikageuka tope likashuka kwa kufuata mikondo.

Hapa badala ya video leta masinia 3 na mchanga, ule wa kujengea tu. Kwenye la kwanza mimina mchanga mkavu utengeneze kilima, wapime mteremko wake kwa ile protrakta ya kwenye mkebe wa hesabu, utakuta unakaa kama nyuzi 30 hadi 35, ukijaribu kuusimamisha zaidi unateleza. La pili nyunyiza maji kidogo, hapo wanaweza kujenga ukuta kabisa umesimama wima kama watoto wanavyojenga ufukweni. La tatu jenga ukuta kama ule wa pili, halafu endelea kumwaga maji polepole juu yake, waangalie. Unasimama, unasimama, halafu ghafla wote unakwenda. Maji yale yale yaliyokuwa yanaushikilia ndo yameuangusha, kwa sababu maji kidogo yanavuta chembe zikae pamoja lakini yakijaa kila nafasi yanazisukuma ziachane. Acha wamwage wao wenyewe na wahesabu vikombe. Wanafunzi wa utalii wanapenda kitu cha mikono, na hiki kinakaa kichwani kuliko mchoro wowote.

Halafu ndo uliza swali ambalo hasa ni la kwao: kwanini watu walikuwa wanaishi pale? Hapo mtu wa jiografia ya jamii anafunguka kuliko wewe. Volkano za zamani zina udongo wenye rutuba, maji yanashuka kutoka mlimani, kuna hali ya hewa nzuri, kwa hiyo watu wanakusanyika hapo hapo penye mteremko mkali na miamba iliyooza. Waambie watafute sehemu nyingine ya namna hiyo, watakuletea Bududa kule Uganda, Mlima Elgon, Machi 2010, volkano ya zamani nayo, mvua kubwa nayo, mashamba mpaka juu nayo. Wakishaona mambo yale yale yanajirudia sehemu 2 wataanza kuitazama Meru yao kwa macho mengine, na hapo usiwatishe, waambie tu waangalie mikondo inayoshuka mlimani inapita wapi na nani kajenga ndani yake.

Kwenye volkano zenyewe kuna darasa la bure linaitwa Nyiragongo, kule mashariki ya Kongo. Tarehe 22 Mei 2021 jioni uji wa moto ulitoka ubavuni mwa mlima ukashuka kuelekea Goma, ukasimama kwenye kingo za mji, siku chache baadaye watu kwa mamia ya maelfu wakaambiwa wahame kwa kuogopa mlipuko mwingine, wengine wakaenda Sake, wengine wakavuka Rwanda. Januari 2002 ulikuwa umeingia kabisa katikati ya mji, na 1977 ziwa la lava la juu ya mlima lilimwagika likashuka kwa kasi inayokadiriwa kufika kilomita 60 kwa saa, mtu hawezi kuikimbia hiyo. Swali la darasa: kwanini lava ya Nyiragongo inakimbia wakati volkano nyingine uji wake unajikokota?

Hapa ndo neno silika linaingia na hakuna atakayetazama dirishani. Silika kwenye uji wa volkano ni kama unga kwenye sufuria. Unga kidogo unapata uji wa mgonjwa, unamwagika. Ongeza unga unapata uji mzito, ongeza zaidi unapata ugali. Nyiragongo ina silika kidogo sana, ni uji wa mgonjwa. Ile yenye silika nyingi ni ugali, gesi inanasa ndani haipati pa kutokea, ndo inalipua mlima na kurusha majivu. Wapikie kabisa kama chuo kina jiko, weka bomba la kalamu chini ya uji mwepesi upulize, halafu pulizia kwenye uji mzito uone unavyoruka, ila vaa aproni na usubiri upoe kidogo. Na waambie karibu kabisa na wao kuna Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamaasai, yenyewe imezidi hata huo mfano wangu, lava yake karibu haina silika kabisa, ni ya kaboneti, inatoka na joto la kama nyuzi 500 na kitu tu wakati lava za kawaida zinafika 1,000 na zaidi, ni nyeusi ikitoka halafu ikipata unyevu inageuka nyeupe. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya hivyo, na wao watawapandisha watu pale usiku kwa usiku.

Na kuna mazuku, hii usiisahau. Watu wa Goma wanaita mazuku ile hewa inayojikusanya mabondeni na kuua mbuzi na hata watoto bila moto wala harufu ya kukushtua. Ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa hiyo inalala chini kama maji. Wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua hilo neno kama lilivyo, mtu wa Italia au Marekani akiandika kuhusu gesi hiyo anaandika mazuku. Kuna siku nililisema darasani binti mmoja wa HKL akauliza kwa mshangao, kumbe na sisi tumewapa neno? Tangu hapo alikuwa haondoki bila swali. Sijui tungempataje kwa njia nyingine.

Matetemeko usiyafundishe kwa kuanza na mawimbi ya P na S, utawapoteza. Anza na kuhoji watu. Arusha unayo bahati, Julai 2007 kulikuwa na mfululizo wa matetemeko upande wa Gelai, mlima ulio jirani na Lengai, kubwa lao la tarehe 17 lilikuwa 5.9, lilisikika Arusha mpaka Nairobi watu wakatoka maghorofani, na miezi iliyofuata Lengai ikalipuka kwa nguvu, majivu juu. Wanafunzi wako walikuwa watoto wadogo au hawajazaliwa lakini wazazi na majirani wanakumbuka. Wape kazi ya wiki nzima, kila mmoja ahoji watu 5, maswali yawe yale yale kwa wote: ulikuwa wapi, ndani au nje, ghorofa ya ngapi, vyombo vilidondoka, taa iliyumba, nyumba ilikuwa ya tofali gani, ulisikia sauti kabla au baada. Mwenye ndugu Dar aulize kuhusu lile la usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 lililotokea baharini. Wakirudi kila jibu linakuwa nukta kwenye ramani, wanachora mstari kuzunguka sehemu zilizotikisika sawasawa, na hiyo mwalimu ni sayansi halali kabisa, shirika la jiolojia la Marekani, USGS, mpaka leo linawauliza watu wa kawaida mtandaoni walisikiaje tetemeko na linachora ramani kutokana na majibu yao. Utaona pia kumbukumbu zinagongana, mmoja anasema dakika 2 mwingine sekunde 10, na wao walishajua nini cha kufanya na mashahidi wanaogongana.

Kutoka kwenye ramani hiyo ndo unatofautisha ukubwa wa tetemeko na mtikisiko wa mahali, kitu ambacho hata redioni kinachanganywa kila siku. Ukubwa ni namba moja kwa tetemeko zima, mtikisiko unabadilika kila mtaa. Na lile neno kipimo cha Richter walitumie kwa wageni kama wanataka, lakini wajue wanasayansi siku hizi wanatumia kipimo kingine kwa matetemeko makubwa. La Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa 5.9 na watu wasiopungua 17 walifariki, la Uturuki la tarehe 6 Februari 2023 lilikuwa 7.8 na waliofariki ni zaidi ya 50,000. Wanafunzi wanaona 5.9 na 7.8 wanasema mbona yanakaribiana? Hapo toa maharage. Kila ukipanda namba moja nishati inazidi kama mara 32, kwa hiyo weka punje 1 mezani, pembeni yake punje 32, halafu namba 2 juu yake ni kama punje 1,000. Tofauti ya Kagera na Uturuki inakuja punje kama 700. Wape wazihesabu kweli, zote, makundi makundi. Inachosha na ndo maana haisahauliki. Ukishamaliza uliza kwanini Kagera 5.9 tu ilibomoa nyumba nyingi hivyo, mjadala utahamia kwenye tofali, nguzo na kokoto, na mtoto wa fundi atakuwa mwalimu wa siku hiyo.

Matukio yasiwe ya maafa tu lakini, muhula mzima wa vifo unachosha roho. Habari njema zipo tele. Juni 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliuzia serikali mawe 2 ya tanzanaiti, moja la kilo 9 na kitu na jingine kilo 5 na kitu, akalipwa shilingi bilioni 7.74. Uliza tu: kwanini tanzanaiti inapatikana Mererani peke yake? Nimesikia zaidi ya mara moja mwongoza watalii akimwambia mgeni kwamba joto la Kilimanjaro ndo lilipika tanzanaiti, ni hadithi tamu lakini si kweli, tanzanaiti ina umri wa karibu miaka milioni 600, iliumbika mabara yalipokuwa yanagongana na kusukuma milima ambayo ilishakwisha kulika, wakati Kilimanjaro haina hata milioni 3. Kijana akienda sokoni na hilo amewashinda waliomtangulia. Na kila mwaka Februari habari za nyumbu kuzaa Ndutu, kusini mwa Serengeti, zinajaa mitandaoni, kwanini pale na si kwingine? Kwa sababu uwanda ule umetandikwa majivu ya volkano za nyanda za Ngorongoro, yamejenga tabaka gumu chini ambalo mizizi ya miti inashindwa kulipenya, nyasi fupi ndo zinatawala, zina kalsiamu na fosforasi anayohitaji mama anayenyonyesha. Hii mimi ndo naipenda kuliko zote, kwa sababu mgeni amelipa kuona nyumbu na wewe unamwonyesha kwamba anaangalia volkano.

Najua utaniuliza silabasi itaishaje. Kiukweli mada chache utazigusa kwa juu tu. Ila hebu hesabu: Suswa imekupa bonde la ufa, mmomonyoko na majivu, Hanang imekupa kuoza kwa miamba na maporomoko, Nyiragongo na Lengai aina za volkano, Gelai na Kagera matetemeko, Mererani madini na miamba iliyobadilika kwa joto na mgandamizo, Ndutu udongo. Kinachobaki ni miamba ya mashapo na umri wa dunia, hayo yapeleke Olduvai siku ya ziara. Weka tu karatasi ukutani yenye mada zote za silabasi, kila tukio likigusa mada mwanafunzi aweke alama, wataona wenyewe na mkuu wa idara akipita ataona.

Mtihani nao ubadilishe, la sivyo watagundua kwamba mwishoni unawauliza fasili tu watarudi kukariri. Wape aya ya habari ambayo hawajawahi kuiona, wapige mistari ile ya rangi 3, halafu waandike ni ushahidi gani mmoja wangeutafuta kabla ya kuamini. Na mtihani wa mdomo: mgeni amesimama ukingoni Ngorongoro anauliza hili shimo limetokeaje na mmejuaje, una dakika 3. Hiyo na mmejuaje ibebe nusu ya alama. Mimi nikiisahihisha naangalia kama ametaja kitu ambacho mgeni anaweza kukiona kwa macho pale pale aliposimama.

Mambo ya vifaa usiumize kichwa, pakua klipu usiku bando likiwa nafuu, na kabla hujaionyesha hakikisha ni ya tukio lenyewe, mlipuko wowote ukitokea zinasambazwa video za volkano za nchi nyingine za miaka ya nyuma, ukiikuta hiyo ihifadhi, ni zoezi tayari. Kwa taarifa za hapa nyumbani tumia GST, taasisi ya jiolojia ya Tanzania walioko Dodoma, kwa mvua TMA, kwa Goma wale wa kituo cha kuchunguza volkano.

Anza na Suswa wiki ijayo, vipindi 3. Ukimaliza kabla hujaingia mada nyingine waletee Hayli Gubbi ya Ethiopia, iliyolipuka tarehe 23 Novemba 2025 bila kuwa na mlipuko wowote uliowahi kurekodiwa, majivu yakavuka bahari mpaka Yemen, Oman na India na ndege zikafutwa. Wape ramani tupu ya Afrika waweke nukta: Hayli Gubbi, Suswa, Lengai, Hanang, Nyiragongo. Usiwaambie chochote kuhusu mstari, waachie penseli.